Kifua cha Mtu Mwingine

Jumamosi asubuhi fundi Spana alikaza boliti za kiti cha dereva, akakikalia kukipima, akainuka. Kiti hakikuinuka. Sponji ilibaki imebonyea, kana kwamba muda wote ule alikuwa amepakatwa na mtu ambaye bado amekaa. Spana alikitazama, akafuta mikono kwa tambara, akatoka nje ya kibanda cha mabati kwenda kumwita mwenye gari.

Mwenye gari alikuwa kwenye ngazi za nyuma, akishona kiti cha basi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kushona viti vya magari, na vidole vyake vilikuwa na sugu za sindano nene. Nyumbani walimwita Taa.

"Dada Taa, njoo uone. Kiti chako kimekaliwa."

"Na nani?"

"Sijui. Mzito kidogo. Anaegemea kushoto."

Taa alichomeka sindano kwenye sponji. Baba yake alikuwa akiegemea kushoto, kwa sababu ya nyonga. Walimwita mama, naye akaja na kikombe cha chai, akapapasa pale palipobonyea kama mtu anayekagua godoro dukani.

"Ndiye," alisema. "Hata kitanda changu alikiharibu hivi hivi."

Akaacha chai juu ya dashibodi, maana hakuwa na hakika kama marehemu bado anakunywa, akarudi jikoni kutazama sufuria.

Gari lilikuwa la Kijapani, la michezo, milango miwili, boneti ndefu kuliko sehemu yote ya kukaa watu. Baba alilinunua likiwa limeshazeeka, akalipenda kwa namna ambayo mama aliivumilia kama anavyovumiliwa mke mwenza. Alipofariki, baba mdogo aliliuza kipande kimoja kimoja ili kuisaidia familia, mpaka likabaki bodi, injini iliyokosa mteja na kuku waliotaga ndani. Sasa Taa alikuwa mtu mzima mwenye kazi yake, na alikuwa akikusanya kilichotawanywa.

Sababu yake ilikuwa moja, na kila mtu nyumbani aliijua. Jioni ile baba alipozidiwa, kifua kikimbana, gari lilikataa kuwaka. Mama alizungusha ufunguo mpaka mkono ukamuuma. Usafiri mwingine ulipopatikana, baba alikuwa ameshanyamaza. Asubuhi betri ilikutwa imekufa kabisa, na mtoto, aliyekuwa darasa la pili, akakiri kwamba mchana alicheza garini akawasha taa. Hakupigwa. Hakukemewa. Walianza tu kumwita Taa, bila ubaya wowote, na jina likamfuata mpaka shuleni, mpaka kazini, mpaka likakaa mahali pa lile la kwanza.

Alitaka kulisikia gari lile likiwaka. Na tangu kiti kilipobonyea, alitaka pia kumuuliza baba mwenyewe.

Spea alizitafuta kwa Mama Boliti, mwanamke aliyeuza vyuma vya mitumba katika uchochoro wenye harufu ya grisi, na ambaye hakumwambia mteja "hakuna" hata siku moja. Usukani walioupata kwake ulikuwa ndio wenyewe, wenye mkwaruzo wa pete ya baba. Ulipofungwa, mikono ya baba ilikuja nao mpaka kwenye viwiko. Kucha zilikuwa ndefu. Mama alizikata, akalalamika kwamba hata alipokuwa hai kazi hiyo ilikuwa yake. Macho yalikuja na taa za mbele. Meno na taya vilikuja na grili, na Spana akaomba radhi kwa kuwa alikuwa ameipiga nyundo kidogo kuinyoosha.

Tatizo lilianza kwenye kabureta, zile zinazoivutia injini hewa.

"Za gari hili hazipo tena duniani," alisema Mama Boliti. "Chukua hizi. Zimetoka kwenye gari pacha wake. Mwenyewe alikuwa mtu safi, hakukopesha gari ovyo."

"Zitakubali?"

"We dada, chuma hakina ukoo. Zitakubali."

Zilikubali. Spana alipomaliza kuzifunga, kifua kilitokea kati ya taya na kiti, kikaanza kupumua. Lakini baba alikuwa na kifua kipana, chenye kukoroma hata mchana. Hiki kilikuwa chembamba, ndani ya shati lililopigwa pasi, na kalamu mfukoni. Kilikuwa na tabia ya kuvuta pumzi ndefu na kuishusha taratibu.

Mama alisimama mlangoni pa kibanda, akajifunika mabega.

"Kuanzia shingoni mpaka kiunoni," alisema, "huyu simjui."

Tangu siku hiyo alipiga hodi kabla ya kuingia. Taa naye hakujua afanye nini. Kila alipotokea mlangoni, kifua kile kilishusha pumzi kama cha mzazi aliyekuwa akitazama saa, ambaye mtoto wake ndiyo kwanza amefika salama kutoka shule. Mikono ilikuwa ya baba na ilibaki kwenye usukani. Macho yalikuwa ya baba na yalitazama mbele. Kifua peke yake ndicho kilichomfurahia, na hakikuwa cha kwao.

"Tukibadilishe?" aliuliza Spana.

"Kwa kipi?"

Spana akaenda kufunga honi.

Honi nayo ilitoka kwa Mama Boliti. Ilipofungwa, taya la baba lilifunguka, ikatoka sauti ya mwanamke wa makamo, mwenye haraka zake.

"Nguo ziko kambani na mawingu yote hayo! Nani anaanua?"

Mama alitoka mbio akaanua. Mvua ilinyesha kweli.

"Baba," alisema Taa, "jioni ile gari lilikataa kwa nini?"

"Mimi si baba yako, mwanangu. Soksi umezihesabu?"

Walikaa na mwanamke yule kwa wiki kadhaa. Alikuwa na faida zake, hasa katika msimu ule, na mama alizoea kumuuliza kuhusu hali ya hewa. Lakini Taa alizidi kuchanganyikiwa. Alikuwa na baba mwenye uzito wa baba, macho ya baba, pumzi za mwanamume asiyemjua na maneno ya mwanamke asiyemjua, na hakuna kati ya hao aliyeweza kumjibu.

Honi halisi aliipata asubuhi moja akinunua mkate. Muuza mikate alipita na baiskeli yake, akabonyeza honi, na Taa akajikuta amesimama wima akificha mikono nyuma. Miaka yote alikuwa akisimama hivyo mikate inapopita, na miaka yote hakujua kwa nini. Aliinama akaitazama. Ilikuwa honi ya gari la baba, imefungwa kwa waya. Alimshonea muuza mikate tandiko jipya la baiskeli, la ngozi, lenye mshono maradufu, akampa na honi ya mwanamke. Muuza mikate hakuona tofauti.

Baba alipoipata sauti yake, alimwita binti yake kwa jina alilompa alipozaliwa. Taa hakuitika. Ilibidi mama amguse bega.

"Ni wewe huyo. Itika."

"Abee, baba."

"Umekuwa mkubwa," alisema baba. Kifua kilishusha pumzi, lakini hilo lilikuwa la kifua.

Taa angemuuliza papo hapo. Ila siku hiyo ilikuwa Jumapili, na baba mdogo alikuwa akiegesha gari lake uani. Lilikuwa gari la familia, la milango minne, la kampuni ileile iliyotengeneza la kaka yake na lenye injini kama ile. Miaka yote halikuwahi kumsumbua, na alipenda kulisema hilo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umenenepa."

"Maisha, kaka. Hujambo, Taa? Nasikia leo mnawasha."

Spana aliunganisha betri mpya na kuzungusha ufunguo, mkono wake ukipita katikati ya mikono ya marehemu. Stata, mota ya kuizungusha injini, ililia. Ililia kwa nguvu, ikazunguka na kuzunguka, na injini haikushika. Taa alishika nguzo ya kibanda. Alikuwa akiijua sauti ile.

"Ndivyo ilivyolia," alisema. "Jioni ile. Nilikuwa chini ya meza nikisikia. Ililia hivyo hivyo, muda mrefu."

Spana alitoa kichwa nje ya gari. "Haiwezekani. Betri ikifa stata hailii hivi. Inagonga tu, tk, halafu kimya. Ikilia hivi betri ni nzima, ila moto haufiki kwenye plagi. Hiyo ya kwenu ilikufa kwa kuzungushwa, si kwa taa."

Spana aliingia chini ya boneti akakibandua kifuniko cha distributa, kile kidude kinachougawa moto. Vibanio vilikuwa vimeshika kutu. Hakuna aliyevigusa tangu enzi zile. Ndani mlikuwa na utando wa buibui na mhimili mtupu.

"Rota haipo," alisema. "Kijipande kama kidole gumba, kinachozunguka hapa. Bila hicho mngezungusha ufunguo mpaka kiyama."

"Ninajua ilipo," alisema baba.

Wote walimgeukia. Macho yake yaliendelea kutazama mbele, kwa kuwa taa za mbele hutazama mbele, na mbele palikuwa na gari la mdogo wake.

"Iko mle. Nilimwona dirishani, nikiwa nimejilaza. Alikuja mchana, akafungua boneti, akaichukua. Nikasema moyoni, ya kwake imepasuka, ataniletea jioni. Ni mdogo wangu."

Baba mdogo alitoa leso akajifuta shingo.

"Niliazima," alisema. "Kulikuwa na harusi. Ningerudisha baada ya keki. Nani alijua?"

"Ungesema," alisema mama.

"Niseme saa ngapi, shemeji? Narudi nakuta watu wanalia. Nikasema nitasema kesho. Kesho yake mkasema ni betri." Alimtazama Taa kwa upole wa kweli. "Na wewe ulikuwa mdogo, ungesahau."

"Kwa hiyo sikuwa mimi," alisema Taa.

Kuku alipita katikati yao. Mama aliinama kuokota kikombe cha siku nyingi kilichokuwa bado kwenye dashibodi, kikiwa kitupu.

"Lakini taa uliziwasha, mwanangu," alisema.

"Niliziwasha."

"Basi."

"Kila mtu alikuwa na mkono wake," alisema baba mdogo, na mama akatikisa kichwa kukubali, maana lilikuwa jambo la kiungwana kusemwa.

Spana aliitoa rota kwenye gari la milango minne, akaipuliza vumbi, akaipachika. Gari likawaka kwa mara ya kwanza tangu baba afariki. Lilinguruma kwa sauti nzito iliyotetemesha mabati, na kifua cha yule bwana kikaenda nalo sambamba, kabureta na mapafu. Baba aliingiza gia, akalitoa mwenyewe barabarani, akazunguka mtaa. Majirani walimpungia. Mmoja alimlalamikia kwamba bado hajarudisha ngazi.

Alipolirudisha kibandani, baba mdogo alikuwa akitazama saa.

"Nikiiacha hapa nitarudije nyumbani?"

"Nitafute nyingine kwa Mama Boliti," alisema Spana. "Ya kuweka kwako."

"Hii imeshazoea gari langu."

"Basi ya kuweka humu."

"Tusimchanganye zaidi," alisema mama. "Tayari ana kifua cha watu."

Wakakubaliana kwamba rota ibaki kwa baba mdogo, na kila Jumapili aje aiazimishe. Ndivyo ilivyo mpaka leo. Huja baada ya chakula cha mchana, baba huendesha mtaani, watoto hukimbia nyuma ya gari, kisha rota hutolewa na baba mdogo huondoka nayo. Wageni huuliza ilikuwaje mtu mwenye gari zuri namna hii akafa kwa kukosa usafiri. Baba mdogo huwaeleza taratibu, mkono ukiwa begani mwa Taa, kwamba ni mambo ya watoto, kuna mtoto aliwasha taa, na hakuna aliyemlaumu. Mama hukubali. Spana hukaza kitu ambacho tayari kimekazwa.

Jumapili moja giza lilianza kuingia mapema na baba alirudi taa za mbele zikiwaka. Taa alisimama mlangoni na tambara la kufutia vioo. Kwa kuwa wote humwita kwa jina hilo, na baba husikia, naye alikuwa ameshajifunza kumwita hivyo.

"Usisahau kuzima, Taa," alisema.

Alizizima. Akaenda mpaka mlangoni, akarudi kuhakikisha. Wakati huo kifua kilivuta pumzi ndefu kuliko zote, kikajaa mpaka kalamu ikainuka mfukoni, kama cha mtu aliyechoka kunyamaza katika nyumba ya watu. Kikabaki hivyo kimejaa kwa muda. Lakini mwenye kifua hakuletewa honi ya kusemea, na Spana alikuwa ameshaanza kuitoa rota.