Mashimo Chini ya Chura

Fundi Jamaldin hakuwa na haja ya kufunga karakana yake alipokwenda kusali Ijumaa, mradi Mung'aro yumo ndani. Alitawadha mlangoni, akavaa kanzu safi, akautundika ufunguo msumarini na kusema, "Wewe ndiwe kufuli langu leo." Kisha akashika kichochoro cha msikitini bila kugeuka nyuma. Kwa mzee aliyewahi kumtimua mpwa wake kwa kugusa patasi bila ruhusa, heshima hiyo haikuwa ndogo.

Jamaldin alikuwa fundi wa kalafati wa Mji wa Kale. Kazi yake ilikuwa kuziba nafasi baina ya mbao za mashua kwa nyuzi za pamba zilizoloweshwa mafuta ya nazi, akizishindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti, huku ameinamisha kichwa kusikiliza. Pamba ikijaa sawasawa, alisema, nyundo hubadilisha sauti. Mung'aro yeye alikuwa makanika, mtu wa kule Buxton, mwenye gereji ya mabati si mbali na nyumba za baraza la mji alikokaa na mkewe, Naomi. Mwaka wa tisini na sita wawili hawa waliungana kuunda gari la kwenda barabarani na majini, na mji mzima ukapata cha kuchekea. Watu wa Marikiti walisema Mung'aro hajawahi kutengeneza gari lisilovuja mafuta, sasa anataka lisilovuja bahari.

Wazo lilikuwa la Wanza, muuguzi wa zahanati moja ng'ambo ya Hori ya Tudor, ule mkono wa bahari unaoingia bara. Alichoka kuona mama mwenye uchungu akipakiwa kwenye baiskeli hadi ufukweni, akashushwa, akatiwa kwenye mtumbwi, akashushwa tena, akakaa juani kungoja gari. "Nipeni kitu kimoja," aliwaambia. "Kimchukue mtu mlangoni kwake kimshushe mlangoni kwa hospitali. Huko kupandisha na kushusha ndiko kunakoniulia watu."

Basi wakachukua Landrova kuukuu, wakaivua bodi yote, na Jamaldin akaiundia tumbo la mbao kama la mashua. Magurudumu yalibaki nje, na pale ekseli zilipopita Mung'aro alizivisha mipira iliyojaa grisi. Nyuma waliweka rafadha ya kusukuma maji, ikizungushwa na injini ileile. Wakaliita Chura. Lakini barabara na bahari hazitaki kitu kimoja. Barabara inataka chuma kizito na springi nene, bahari inataka wepesi, na kila alichoongeza huyu, mwenzake alilalamika. Mung'aro akatoa bampa, akatoa paa, na mwisho, bila kumwambia mtu, akapunguza majani ya springi. Aliona springi ni mambo ya gari, na mambo ya gari ni yake.

Siku ya kumaliza, Jamaldin alilipaka tumbo deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama unaozuia maji. Akazunguka na chetezo cha ubani, akasoma Fatiha, na Mung'aro, Mkristo asiye na ubishi, akasimama amevua kofia. Kisha mzee akaupiga ubao kwa kiganja. Ndiyo iliyokuwa desturi ya karakana ile tangu enzi za babake: chombo kikishafukizwa, hakiingizwi msumari tena mpaka fundi aliyekiziba aulizwe. "Tangu sasa maji yakiingia, yaingia kwangu," alisema. "Kwa hivyo asitoboe mtu."

Alhamisi Mung'aro alilipakia Chura mifuko ya mchanga na kulizungusha mitaa ya Makadara. Kwenye tuta la kwanza tu, tumbo likakwaruza lami. Springi alizozipunguza zilikuwa zimenywea, na sasa mbao zilining'inia karibu na ardhi. Dawa ya kweli ilikuwa moja: kurudisha springi, na kwa ajili ya uzito huo Jamaldin aongeze kina cha tumbo. Maana yake kuomba radhi, na kuahirisha maonyesho ya Jumamosi ambayo Wanza alishawaalika wazee wa kamati ya zahanati. Mung'aro hakuogopa kazi. Aliogopa ule mkato wa jicho ambao mzee angempa.

Ijumaa, adhana ilipoita na kanzu nyeupe ikapotelea kichochoroni, "kufuli" lilitoa bamba la chuma lililofichwa kwenye gunia. Akalala chali chini ya Chura, akashika keekee na kuutoboa ubao uliofukizwa. Alilikaza bamba kwa bolti, kila bolti na washa yake ya mpira na gundi ya kuzibia injini, akakaza mpaka mpira ukabinuka. Kwenye gari ndivyo inavyotakiwa. Chuma ukikikaza hunyamaza. Ubao ukiukaza hivyo hupasuka ndani kwa ndani, na hilo Mung'aro hakulijua, kwa kuwa mtu pekee wa kumwambia alikuwa msikitini. Juu akarudisha sakafu, vichwa vya bolti visionekane. Machicha ya mbao aliyazoa yote na kuyatia mfukoni.

"Hapajaja mtu?" Jamaldin aliuliza aliporudi.

"Hapajaja mtu, Mzee," Mung'aro alijibu. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilimkaa vibaya.

Jumamosi asubuhi Chura lilikwenda kwa mwendo wake hadi Tudor, watoto wakilikimbilia, bamba likikwaruza matuta na kuzitikisa bolti katika mbao. Hakuna aliyesikia, injini ilikuwa na kelele. Mung'aro alishika usukani, Wanza akakaa ubavuni kwake, Jamaldin nyuma. Walishuka kwenye mteremko, magurudumu yakaacha ardhi, na gari likaelea. Wazee wa kamati walipiga makofi. Wanza alicheka kwa sauti. Kwa muda ule mfupi Mung'aro alisahau kabisa alichokifanya, na baadaye furaha ile ndiyo iliyomtia haya kuliko vyote.

Katikati ya hori maji yalichomoza baina ya mbao za sakafu. Hayakuvuja, yalipanda. Jamaldin alivua kofia akaikandamiza mahali, akavua na shati, lakini hakujua pa kuziba, kwa sababu yeye alitafuta kwenye maungio yake na maji yalikuwa yakipita kwengine. Wanza aliyachota kwa ndoo. Wenye mitumbwi waliwafikia na kuwavuta hadi ufukweni, wote wazima, wote wamelowa, Chura limezama mpaka kwenye usukani.

Pale matopeni, mbele ya kamati nzima, Jamaldin alisimama kifua wazi. "Injini haina makosa, jamaa," alisema. "Maji yameingia kwangu. Ndimi."

Mung'aro alifungua kinywa. Mzee mmoja wa kamati akamshika mkono na kuutikisa, akimsifu kwa injini iliyoendelea kunguruma hata ilipokuwa nusu majini. Mung'aro akakifunga kinywa. Aliikubali sifa ile na mkono wake haukukatika, ingawa mtu angetamani ukatike.

Siku zilizofuata alijizika gerejini, Chura lilikovutwa, akiosha chumvi kwenye injini. Bamba alilibandua na kulificha nyuma ya matairi. Alingoja Jamaldin aje kulikagua Chura, na kila kivuli cha kanzu kilichopita mlangoni kilimshtua. Jamaldin hakuja. Aliona haya hata kuiangalia kazi yake mwenyewe. Habari zikamfikia Mung'aro kwa wateja: kwamba Chirau, mwenye mashua ya kuvulia, alimpelekea mzee kazi kama kila mwaka, na mzee akamrudisha aende kwa mafundi wa Mtongwe. Kwamba siku nzima hukaa karakanani akigonga ubao mmoja na kuusikiliza, akiugonga na kuusikiliza.

Nyumbani Naomi alipokuwa akifua alikung'uta mfuko wa suruali.

"Baba nanihii, tangu lini magari yakatoa machicha ya mbao? Tena yananuka nazi."

"Ni kazi ya mzee. Niliokota tu."

"Ukaokota, ukatia mfukoni."

Hakumwuliza zaidi. Alikiweka chakula mezani na kumtazama asivyokila, jioni hiyo na nyingine, na Mung'aro alijichukia kwa njaa aliyokuwa nayo kweli. Alishapanga maneno. Aliyapanga upya kila asubuhi, na kila asubuhi akapata gari la mtu la dharura. Ajabu ya gereji ni kwamba ukitaka dharura hutaikosa.

Mwishowe Jamaldin alikuja mwenyewe, si gerejini bali nyumbani, Buxton, baada ya alasiri. Masikio yote mawili yalikuwa yamezibwa pamba iliyolowa mafuta ya kitunguu saumu, harufu ikatangulia kuingia. Mziba vyombo amezibwa yeye. Siku nyingine Mung'aro angemtania. Naomi alileta chai na mahamri, na mzee akaweka juu ya meza kifurushi cha nguo, akakifungua. Zilikuwa patasi zake, na ile nyundo ya mti, mpini umebonyea mahali pa vidole vyake.

"Chukua, mwanangu," alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu wasiojisikia. "Patasi zitakufaa kazi za gari. Nyundo weka tu. Mashikio yangu yamekwisha. Naligonga lile Chura ubao kwa ubao, nalisikia limejaa, naliapa limejaa. Kumbe lalikuwa wazi. Na nyinyi mu juu yake, na yule mwanamke wa watu yu juu yake. Ningaliwaua." Macho yalimlenga machozi. "Bibi yangu yuwanitia kitunguu saumu, mimi nanyamaza tu asisononeke. Lakini dawa haipo."

Mung'aro aliitazama nyundo. Ilikuwa upande wake wa meza sasa.

"Mzee, mimi nilitoboa," alisema.

Jamaldin alimtazama bila kubadilika, akielekeza kidole kwenye pamba. "Sema kwa nguvu."

Alilazimika kusimama. "Nilitoboa Chura! Ile Ijumaa, ulipokwenda kusali! Nikatia bamba na bolti, maji yakapita huko! Masikio yako hayana kitu!"

Dirisha lilikuwa wazi. Jirani aliyekuwa akianika nguo alisimama na kibanio mkononi. Naomi aliweka birika chini taratibu.

Jamaldin alichomoa pamba ya sikio moja, kisha ya la pili, akazikunja ndani ya leso. Alichukua nyundo, akaigonga meza mara moja na kuinamisha kichwa. Uso wake ulilegea, na kwa kitambo kidogo alionekana kijana. Kisha akayakumbuka yaliyobaki.

"Kule matopeni nalisema ndimi," alisema, polepole sasa. "Wewe ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Ukanisikia?"

"Nilisikia, Mzee. Niliona haya. Kisha kila siku haya zikaongezeka, na mimi..." Yale maneno aliyoyapanga siku zote hizo hayakuwapo. "Nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema Jamaldin, na alimaanisha. Alifunga kifurushi. "Kosa la kutoboa laliwezekana kuzibwa siku ileile. Lete Chura Jumatatu. Rudisha springi zako. Na uende kwa Wanza, na kwa Chirau, na kwa hao wa kamati, uwambie kwa kinywa chako. Sitaki kuwambia mimi, watadhani najitetea." Aliyaacha mahamri bila kuyagusa.

Mung'aro alikwenda. Chirau alimtukana, na ilikuwa nafuu. Wanza hakumtukana. Alimsikiliza akiwa na bomba la sindano mkononi, kisha akasema, "Nilikaa ubavuni kwako nikicheka," akarudi kwa mgonjwa wake. Hiyo haikuwa nafuu.

Chura lilirudi Mji wa Kale. Mung'aro alirudisha springi, Jamaldin akang'oa ubao wenye mashimo na kuongeza kina cha tumbo, na pale chini palipohitaji kinga akalaza ubao mnene wa kukwaruzwa na lami, uliofungwa kwenye mataruma, zile mbavu za chombo, bila kupenya ndani. Kazi ilikwenda vizuri kuliko mwanzo. Walizungumza pia, juu ya uzito, juu ya rafadha, hata wakacheka kidogo Chirau alipokuja na mashua yake na kujifanya hakuwahi kuipeleka Mtongwe. Mung'aro alianza kufikiri kwamba limekwisha.

Ijumaa adhana ilipoita, Jamaldin alitawadha mlangoni na kuvaa kanzu. Mung'aro alikuwa chini ya Chura, akifunga ekseli.

"Mung'aro," mzee alimwita atoke, kwa upole. "Ndoo nje kidogo."

Alitoka, mikono imejaa grisi. Jamaldin alivuta mbao zote mbili za mlango, akatoa mfukoni kufuli jipya, lingali na karatasi ya dukani, akalifunga. Alilivuta kuhakikisha. Ufunguo akautia ndani ya kanzu.

"Sitakawia," alisema, bila hasira yoyote, akashika kichochoro.

Mung'aro alibaki kwenye baraza la nje na spana mkononi. Watu waliokuwa wakielekea msikitini walimsalimu, naye akawaitikia mmoja mmoja. Hotuba ilipoanza kusikika kwenye kipaza sauti, aliketi chini akangoja kufunguliwa.