Gari Dogo na Tela la Miche

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa ameshapata mtu wa kulinunua gari letu. Hakuwa na nia mbaya. Alinikuta asubuhi namwagilia miche nyuma ya nyumba, akasema, "Shemeji, hako kagari kauze, utafute pikapu. Unapakia miche kwenye viti kama abiria!"

Ni kweli. Michungwa ilikaa kiti cha nyuma, maua miguuni, na mpapai mbele, umefungwa mkanda. Kila siku ya soko nilikwenda na kurudi, na udongo haukuisha kwenye mazulia. Lakini humo ndimo mume wangu alinifundisha kuendesha, mimi nalia, yeye anacheka. Sikutaka mtu mwingine alikalie.

"Nitalifungia tela," nikasema.

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. "Kuku avute mkokoteni!"

"Cheka, lakini jino usilitoe lote. Likipanda kilima cha sokoni na tela limejaa, linabaki kwangu. Likishindwa, mpe mtu wako ufunguo."

"Neno hilo?"

"Neno."

Niliingia ndani nikasali. Sikumwomba Mungu aliongezee gari nguvu. Nilimwomba anipe macho.

Nilipopata tela dogo, tukaenda gereji kwa fundi tunayemwita Polepole, maana hata chai huinywa kama dawa. Shemeji alikuja na chuma cha kuvutia tela kilichotoka kwenye lori bovu, kinene kama paja.

"Hiki hakivunjiki mpaka kiyama," akasema.

Polepole alikinyanyua, akakitua. "Kaka, hiki chenyewe ni mzigo. Gari litavuta chuma, miche itabaki nyumbani. Na mlitaka kukifunga wapi?"

"Unachomelea hapo kwenye bampa."

"Bampa ni pambo. Gari litafika sokoni, bampa litabaki kilimani na tela."

Akaingia chini ya gari, akagonga hapa na pale, kisha akatoka na vumbi usoni. Alinionyesha chuma kingine, chembamba, kilichotengenezwa kwa magari madogo kama letu. Kinapita chini ya bampa na kufungwa kwa bolti kwenye chesisi, uti wa chuma wa gari, pande zote mbili. Nilikishika, nikatazama matundu yake, nikamwomba akijaribishe kwanza. Kilikaa sawa bila kulazimishwa.

"Hiki," nikasema.

Ikabaki habari ya taa, maana mtu wa nyuma lazima aone unapofunga breki na unapokata kona. Shemeji akatoa mkanda mweusi mfukoni. "Hii rahisi. Chuna waya wa taa za gari, sokota na wa tela, zungushia mkanda, kwisha."

"Kwisha kweli," Polepole akasema. "Waya hizi zimepimiwa taa za gari peke yake. Ukiongeza za tela, ni kukaribisha wageni wanne kwenye sahani ya mtu mmoja. Fyuzi itakatika, na gari lenyewe libaki gizani."

Akafunga kiboksi kidogo kinachochukua umeme moja kwa moja kwenye betri, na kuziacha waya za gari zipeleke habari tu ya taa ipi iwake. Mimi nikakanyaga breki, nikawasha indiketa hii na ile, Shemeji akisimama nyuma ya tela akiitikia, "Ipo! Ipo! Na hii ipo!" Nilimwona anavyoanza kufurahi, ila alijizuia.

Siku ya soko tukapakia. Mwenyewe nilimwagiza Shemeji aweke vyungu vikubwa mwisho kabisa, karibu na mlango wa tela, kwa sababu ndivyo ninavyoshusha kwanza. Ndivyo nilivyozoea. Tukaondoka, yeye kando yangu.

Hatujafika hata katikati ya kilima, tela likaanza kuyumba. Usukani ukawa mwepesi mikononi, na nyuma ikatutikisa.

"Umeona?" Shemeji akasema, na hakuwa anacheka. "Simamisha, tusije tukafa."

Nilisogea pembeni nikasimamisha, nikavuta breki ya mkono, nikaweka mawe kwenye magurudumu. Nikarudi hatua chache nikatazama. Matako ya gari yalikuwa yamenyanyuka juu, na tela limekalia mkia. Ndoo kichwani ikilemea nyuma, shingo yote inavutwa. Nimebeba ndoo tangu utotoni, naijua hiyo.

"Shemeji, si gari. Ni mimi nilivyopakia. Njoo."

"Tupakue hapa barabarani?"

"Tusogeze tu. Vyungu vikubwa vije mbele ndani ya tela, upande wa gari, maua yaende nyuma."

Alinung'unika, lakini alibeba. Tulipomaliza, gari likashuka kidogo nyuma, likatulia. Nikasema bismillahi, nikaondoa mawe, nikatia gia ya kwanza.

Liliguna. Likapanda. Watoto wa shule walitupita kwa miguu, wakatupungia mkono, nami sikujali. Tela lilifuata kimya, limenyooka, mpaka tukafika juu na soko likaonekana chini yetu.

Simu ya Shemeji ikalia. Ni yule mnunuzi. Shemeji alinitazama, akatazama nyuma kwenye miche, akajikohoza.

"Bwana, samahani," akasema. "Lile gari haliuzwi. Liko kazini."