Nyanya Yenye Uzi Mwekundu

Mume wangu ni fundi cherehani. Nguo za watu huzipiga kalenda mpaka wateja wanachoka, lakini nyanya zake hajawahi kuchelewa kuzimwagilia hata siku moja. Uani kwetu zipo aina saba, zote za mbegu za zamani: nyeusi, za njano, ndogo kama shanga, na moja ya waridi yenye mikunjo kama uso wa mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Hiyo ilitoka kwa marehemu mama yangu. Mwaka huu ukungu ulituachia shina lake moja tu, nalo likazaa tunda moja la maana. Akalifunga uzi mwekundu: hilo ni la mbegu, lisiguswe. Likipotea, aina imekwisha.

"Mke wangu, umesikia?"

"Nimesikia tangu Jumatatu."

Jumamosi dada yake alitutembelea, akaingia jikoni kunisaidia. Akauliza achume nyanya ipi. Nilikuwa nakaanga vitunguu, na masikio yangu yalishachoka na habari za nyanya.

"Chuma yoyote, wifi. Nyanya ni nyanya."

Mume wangu alirudi tukiwa mezani. Alipitia uani kwanza, maana yeye husalimia mimea kabla ya watu. Akaja akasimama mlangoni.

"Ile yenye uzi iko wapi?"

"Kwenye mchuzi," wifi akajibu kwa furaha. "Nilipoona uzi nikajua mmemwekea mgeni."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alikwenda jikoni, akainamia ubao wa kukatia, akaanza kubandua mbegu zilizogandia kwa ncha ya sindano, moja moja, akizipanga kwenye karatasi. Mara mbili alijifuta macho kwa mkono wa shati. Niliona aibu.

"Nisamehe, mume wangu. Lakini nyanya ni ya mama yangu. Mbona unayetaka kulia ni wewe?"

"Alinipa mbegu siku nilipokuja kuposa. Akasema, 'Zikifia mikononi mwako, binti yangu anarudi nyumbani.'"

"Mama alikuwa anakutania!"

"Mimi sikucheka."

Miaka ishirini na sita! Mama tulishamzika, nyumba yake imeuzwa, sina hata pa kurudi, na mwanamume huyu bado anaamka alfajiri kumwagilia kwa hofu ya kunipoteza. Sikutaka ajue nilivyoguswa. Nikachukua sindano nyingine.

"Umepata ngapi?"

"Tisa."

"Zinatosha. Sogea, unaniziba mwanga."