Kijani cha Tabea

Mwaka ule wa ukame, kahawa ikiwa imeshaachiwa wanunuzi binafsi wajipangie bei wanavyotaka, wataalamu walipanda hadi kijijini, juu ya Usa River, na picha ya Mlima Meru iliyopigwa na setilaiti. Wakaitundika ukutani kwenye ofisi ya kata. Mteremko mzima ulikuwa umepauka, isipokuwa doa moja la kijani juu ya chemchemi.

"Msitu wa asili," alisema Agnela, binti wa mradi wa kutunza maji aliyekuja na wataalamu hao. "Ndio unaowashikia maji. Tutauwekea uzio. Hakuna kulima humo, hakuna kuzika."

Mzee Aminieli akasimama. "Huo si msitu, mwanangu. Ni kihamba changu, shamba la ukoo wetu. Sijakipalilia tangu nimzike mke wangu humo."

"Uvivu wako sasa unaonekana mpaka mbinguni, Aminieli," alidakia jirani yake, Nanyori, na ofisi nzima ikaangua kicheko.

Aminieli hakucheka. Msitu halisi ulikatwa na mbao zake zikateremshwa kwa malori mchana kweupe, wakubwa wakitazama pembeni. Leo uzio unamfuata mgane. Naye alitaka jambo moja tu: kulazwa ubavuni mwa mkewe Tabea, ndani ya ua wa masale aliyoyapanda kuzunguka kaburi, kama walivyolazwa wazee wake.

Agnela alimfuata nje. "Baba, picha nyingine itapigwa kiangazi. Ukipunguza miti pakaonekana shamba, nitarekebisha ramani."

"Na kaburi linaonekana humo?"

"Hapana, baba. Nukta moja ya picha humeza nyumba nzima na ua wake."

Kesho yake Aminieli alipanda kihambani na shoka. Alianza na mringaringa ambao Tabea aliubeba kichwani toka Makumira, ungali mche. Akapiga pigo moja, utomvu ukachuruzika. Papo hapo ikamjia ile sauti ya kumchokoza: "Kata tu, mume wangu, halafu uniambie mbuzi watakunywa nini."

Akaliweka shoka chini. Akakaa, mgongo kwenye shina, akamwita kwa jina, taratibu, kama mtu anayemwita mkewe aliyeko jikoni. Akangoja kidogo, kwa mazoea.

Jioni alimkuta Agnela akipakia vitu garini.

"Andika msitu," alimwambia.

"Una hakika, baba?"

"Andika. Ila huo uzio ucheleweshe, kama mnavyochelewesha kila kitu. Nipeni nafasi nife kwanza."