Ukuta wa Darasa la Sita

Nyirasafari aliuona weupe wa kuta kutoka mbali, kabla pikipiki haijamfikisha kwenye lango la shule. Alimlipa dereva bila hata kubishana naye bei.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ambayo kijiji kizima hutoka na majembe na ndoo. Safari hii watu wa Bugeshi hawakufyeka wala hawakuzibua mitaro. Walipaka rangi shule. Jumatatu wageni wa wilaya wangekuja kutathmini mihigo, yaani ahadi ambazo mwalimu mkuu alizitia sahihi mwanzoni mwa mwaka, na hakuna aliyetaka wageni wakute kuta chafu.

Yeye alikuwa Gisenyi tangu jana. Kama mwenyekiti wa kamati ya wazazi alikuwa amekwenda ofisi ya wilaya kufuatilia ombi la kukarabati darasa la sita. Walimweka kwenye benchi hadi jioni, kisha wakampa jibu la siku zote: bajeti ya mwaka huu imekwisha, subirini Julai. Gari la kurudi likamwacha, akalala kwa dada yake Rubona. Usiku ardhi ikatikisika. Haikuwa sana. Vikombe viligongana kabatini, mbwa wakabweka, dada yake akageuka upande wa pili akaendelea kulala. Nyirasafari hakulala tena. Alipanda milima asubuhi kwa sababu moja tu: kwenda kuangalia lipu.

Ukuta wa nyuma wa darasa la sita ulipasuka mwaka ule mlima ulipotema moto na nchi nzima ikatetemeka kwa siku nyingi. Ufa ulianzia chini ya dirisha ukapanda mpaka kwenye mbao za paa. Mtu wa wilaya alikuja, akapiga picha, akaondoka. Ndipo fundi Habumugisha alipochanganya saruji kidogo, akapaka vipande vitatu vya lipu nyembamba kukatiza ufa, kama mtu anayefunga kidonda. Akamwambia Nyirasafari:

"Hii haishiki ukuta, mama. Inatuambia tu. Ikibakia muzima, ukuta umetulia. Siku utakuta imekatika, ujue ukuta inatembea. Utoe watoto siku ile ile, usimuulize mutu."

Tangu hapo, kila asubuhi alipokwenda shambani alipitia nyuma ya darasa, akavitazama vile vipande. Mutoni, binti yake wa mwisho, alisoma upande wa pili wa ukuta ule. Alhamisi vilikuwa vizima.

Sasa havikuwepo. Ukuta ulikuwa laini na mweupe kutoka chini hadi juu, ufa umezibwa, na Twagirimana, kijana mpaka rangi, alikuwa akiosha brashi zake kwenye ndoo huku akipiga mluzi.

"Twagirimana, ile lipu ya kwenye ufa iko wapi?"

"Lipu gani, mama? Aa, ile michafu-michafu? Niliitoa. Rangi haiwezi kukaa muzuri juu ya kitu kama ile. Si ni we mwenyewe ulisaini tununue rangi? Donc, basi lazima ipendeze."

Watu wakacheka. Ni kweli alisaini. Pesa iliyobaki kwenye akaunti ya shule, baada ya maharagwe na kuni za chakula cha watoto, isingetosha kujenga hata kona ya ukuta. Kwa rangi ilitosha. Na kamati ilisema shule inayopata alama nzuri ndiyo inayokumbukwa bajeti ikifika.

"Ulipoitoa," akauliza polepole, "ilikuwa nzima au ilikuwa imekatika?"

"Mi niko na nyundo mukononi, niangalie hiyo? Nilipiga kidogo, ikaanguka." Akajikuna shingo. "Hata ile ya juu sikuipiga. Niliigusa na kidole tu, ikajitoka yenyewe."

Mutesi, mjumbe mwenzake wa kamati, aliyekuwa akigawa uji, akapaza sauti: "Mama Mutoni, acha ukuta wa marehemu upumzike! Phocas aliujenga vizuri, na wewe kila asubuhi unauchungulia kama muke wa wivu!"

Kicheko kikazidi. Nyirasafari alipokea kikombe cha uji, akakiweka chini bila kunywa. Phocas alikuwa mume wake. Ndiye aliyewasimamia wazazi wenzake walipojenga madarasa yale kwa mikono yao, na hakuishi kuona mwaka wa tatu baada ya hapo.

*

Mwalimu mkuu Mutabazi alikulia Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha redioni. Alimsikiliza Nyirasafari hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akafunga mlango wa ofisi.

"Mama Mutoni, tuseme unalosema ni kweli. Niwapeleke wapi? Chumba cha ziada sina. Nikiwachanganya zamu na darasa la tano, watasoma nusu siku, na mtihani wa taifa ni mwezi wa saba. Mwaka jana tulikuwa wa pili kutoka mwisho katika kata nzima. Unawajua walioanguka. Wako wapi leo?"

Aliwajua. Wengine walivuka mpaka kila siku na magunia ya viazi migongoni kuelekea Goma. Mmoja hakurudi, na mama yake bado aliwauliza wachuuzi habari zake.

"Nimeweka sahihi," Mutabazi akaendelea. "Hakuna mtoto atakayeacha shule, na nusu ya darasa la sita watafaulu vizuri. Nikishindwa mara ya pili, wananihamisha. Hilo si neno. Lakini shule ikiitwa mbovu, hata hiyo Julai hawatatukumbuka."

"Na ukuta ukianguka?"

"Umesimama miaka yote hii." Alisema hivyo akitazama dirisha, na Nyirasafari akaona kuwa na yeye alikuwa akiogopa. Jambo hilo halikumtuliza. Lilimtisha zaidi.

Jumapili kanisani hakusikia hata neno moja la mahubiri. Alipotoka alimpigia Habumugisha, ambaye siku hizo alikuwa akijenga nyumba ya mtu huko Rubona karibu na ziwa. Alimweleza kuwa lipu imeondolewa.

"Ukipaka lipu mupya leo," fundi akasema, "itakuambia ya kesho. Ya jana haiwezi kuijua. Timazi ya Phocas unayo?"

"Ninayo."

"Sasa funga kamba juu, uache risasi, ile chuma nzito ya chini, ishuke. Itakuonyesha kama ukuta imelala."

Mfuko wa vifaa vya Phocas ulikuwa umening'inia kwenye msumari ule ule tangu wiki ya mazishi. Nyirasafari alikuwa akipangusa vumbi kwa nje tu. Alipoufungua alikuta kamba imezungushwa kwenye kijiti kwa namna yake yeye, mizunguko imebanana, na mwisho wake umechomekwa ndani. Alikaa kitandani kidogo akiwa ameishika. Kisha akaenda kumgongea Mutabazi aje na funguo.

Waliingia darasani wawili. Chumba kilinuka rangi. Nyirasafari alipanda juu ya dawati, akabana kamba chini ya mbao ya paa, akaiachia. Risasi ilizunguka, ikayumba, ikatulia. Juu, kamba iligusa ukuta. Chini, kati ya risasi na ukuta, kiganja chake kizima kilipita bila kugusa popote.

Ukuta ulikuwa umelalia ndani. Ulikuwa umeinamia madawati.

Mutabazi alichuchumaa, akaingiza kiganja chake mwenyewe, akakitoa haraka kana kwamba pana moto.

"Labda ulijengwa hivyo," akasema.

"Phocas?"

"Sisemi vibaya, mama. Mafundi wa kijiji, saruji kidogo, haraka... Labda ulikuwa hivi tangu mwanzo, na hautasogea tena."

Nyirasafari alishuka kwenye dawati. Kwa kitambo kidogo alitamani iwe hivyo. Alitamani mume wake awe alijenga vibaya, ili mtoto wake awe salama. Lakini alimkumbuka alivyobomoa jiko lake mwenyewe, lililokuwa limefika usawa wa kifua, kwa sababu ya tofali moja lililotoka mstarini.

"Phocas hakujenga ukuta wa kulala," akasema. "Umetembea."

Mutabazi alikaa kwenye dawati la mbele, lililokuwa dogo mno kwake. "Kesho tu," akasema kwa sauti ya chini. "Asubuhi moja. Wageni wakishaondoka, Jumanne tunawahamisha. Nakuapia."

Nyirasafari hakukubali. Ila hakukataa pia. Alizungusha kamba, akaenda nyumbani.

*

Jumatatu kulikuwa na ukungu mzito, na baridi ya milimani iliingia hadi chini ya mlango. Mutoni alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi.

"Leo usiende," mama yake akamwambia. "Sema tumbo linauma."

"Mama! Leo tunaimbia wageni. Mwalimu mkuu amesema asiyekuja anaiangusha shule."

"Nimesema usiende."

Mutoni akamtazama. Hakuwa mjinga, na watoto walikuwa wamesikia kicheko cha Jumamosi. "Ni kwa sababu ya ukuta?" Mama akageukia jiko. "Mimi nakaa upande wa mlango. Uwimbabazi ndiye anakaa ukutani. Naye mama yake amemwambia tumbo linamuuma?"

Swali lile lilimwingia Nyirasafari kama maji ya baridi. Alikuwa tayari kumficha wake na kuwaacha wa wenzake. Mama yake Uwimbabazi alikuwa sokoni saa hiyo, akipanga karoti, akijua mtoto yuko shuleni na shuleni ni salama, kwa sababu mwenyekiti wa kamati ni Nyirasafari.

Alitoka bila kufunga mlango. Mutoni alimkimbilia nyuma.

Alianza kuwasikia tangu bondeni. Walikuwa wakifanya mazoezi ya wimbo wa kukaribisha wageni, wenzake Mutoni waliotangulia, wakipiga makofi na kukanyaga chini kwa miguu kwa pamoja. Kila walipokanyaga, yeye alihisi mshindo kifuani mwake. Akaanza kukimbia, mwanamke wa umri wake, kitenge kimeshikwa mkononi.

Alisimama mlangoni. Watoto walikuwa wakiimba na kucheka. Nyuma ya Uwimbabazi, juu kabisa, rangi mpya ilikuwa imeachia mstari mwembamba mweusi, kama unywele.

"Nyamazeni," akasema. "Msikanyage tena. Tokeni polepole, wa ukutani kwanza."

Mwalimu wa zamu alisita, akatazama upande wa ofisi. Lakini watoto wanaijua sauti ya mama anayeogopa. Walitoka mmoja mmoja, bila kusukumana. Nyirasafari aliwagusa kila mmoja begani walipompita, na aliendelea kubaki mlangoni hata wa mwisho alipokwisha kutoka.

Gari la wilaya likaingia langoni wakati huo huo.

Walioshuka walikuwa watatu. Kiongozi wao, mwanamke mwenye koti refu, alishangaa kuwakuta watoto uwanjani kwenye ukungu. Mutabazi alikuja mbio, akitabasamu kwa midomo tu.

"Karibuni sana. Hawa wametoka... wametoka kuwapokea."

"Vizuri. Basi tutazame darasa lao tukiwa hapa," mgeni akasema, akaelekea mlangoni.

Nyirasafari alifungua mdomo, lakini Mutabazi alimtangulia. Alimshika yule mgeni mkono wa koti, kwa nguvu, kama mtu anavyomvuta mtoto barabarani.

"Usiingie humo!"

Uwanja mzima ulisikia. Mutabazi aliutazama mkono wake mwenyewe, akaliachia koti. Mgeni naye alimtazama, kisha akautazama ukuta mweupe, kisha watoto.

"Mwalimu mkuu," akauliza kwa upole uliotisha kuliko ukali, "watoto hawa walikuwa humu hadi lini?"

"Hadi sasa hivi," Mutabazi akasema.

Hakuna aliyeimba. Wageni hawakukaa, wala hawakuonja chakula. Walichukua picha kupitia mlangoni, wakaandika, wakaondoka, na kila mtu alielewa alama gani wameondoka nayo. Mutesi alimpita Nyirasafari bila kumsalimu.

Gari lilipopotelea kwenye ukungu, Mutabazi alibaki akiwa ameegemea nguzo ya bendera.

"Umenimaliza, mama," akasema.

"Najua."

Nyirasafari alitegemea kumsikia akifoka. Badala yake mwalimu mkuu alitembea hadi kwenye ubao mweusi uliowekwa nje ukiwa na maandishi ya kuwakaribisha wageni, akauinua upande mmoja, akasubiri. Nyirasafari alikamata upande wa pili. Walianza kushuka nao kuelekea kanisani, ambako kungekuwa na nafasi nyakati za mchana tu, na darasa zima likawafuata.

"Mama," Mutoni akauliza nyuma yake, "sasa mtihani tutaufaulu?"

"Sijui, mwanangu," akasema. "Tembea mbele yangu nikuone."