Nakala kwa Wote

Jumatatu asubuhi, katika ofisi ya pampu za maji pale Kambarage, Melania alifuta vumbi kwenye kompyuta kwa ncha ya kanga, akamwandikia barua pepe meneja wake, Ngassa. Aliomba ruhusa ya Jumamosi, binti yake Juliana anaolewa Ushirombo. Ombi la kwanza alimtumia Ngassa peke yake, likanyamaza kama jiwe. Safari hii akaweka nakala kwa mhasibu wa Geita, ili Ngassa aone haya.

Alipotuma tu, mhasibu akawa amesimama nyuma ya kiti cha Ngassa, mswaki mdomoni.

"Karibu, baba," Melania akasema.

"Asante, Mama Juliana. Mimi nimekuja kwa taarifa tu."

Ngassa hakuinua macho. "Viti vipo nje."

Mtu wa nakala hajibu, hilo linajulikana. Lakini mgeni ni mgeni, na Usukumani haondoki na njaa. Melania akachemsha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

Jumatano akakumbushia, akaongeza mwenyekiti wa bodi, na kwa nakala ya siri akamweka Eufrasia, mke wa Ngassa. Mwenyekiti alifika ameshika kuku. Eufrasia alitokea ndani ya kabati la mafaili, akakohoa. Kwa adabu, hakuna aliyemsikia. Melania akampitishia michembe yake chini ya mlango.

"Mama Juliana, kuita watu wote hawa si ustaarabu," Ngassa akasema.

"Nikikuandikia peke yako, bosi, utajibu?"

"Linashughulikiwa."

"Kitendawili," kabati likasema.

"Tega," akajibu mwenyekiti, maana kitendawili hakina siri.

"Nimemwita mmoja, wamekuja wengine, na niliyemwita yupo palepale, haitiki."

Mwenyekiti akawaza mpaka kuku akasinzia. "Nakupa mji. Chukua Geita."

"Na mimi nitarudi wapi?" mhasibu akauliza.

"Nimeenda Geita, nimekula, nimeshiba, nimerudi," kabati likasema. "Jibu ni mume wangu."

Ngassa akafungua faili jingine.

Jumamosi ikafika bila ruhusa. Melania akaja kazini amevaa gauni la sherehe ndani ya koti, akatuma ombi lilelile, akaongeza nakala kwa Juliana, bwana harusi, padri, kwaya na wapishi. Wote wakatokea. Kwaya ikapanda juu ya maboksi ya pampu, na ndoa ikafungwa pembeni ya mashine ya fotokopi. Kabati likapiga vigelegele.

Ngassa alikula pilau mezani kwake, akanawa, kisha akaandika: "Kwa kuwa mhusika ameonekana kazini Jumamosi, ruhusa haikuhitajika. Ombi limefungwa." Akaweka nakala kwa wote.

Wageni waliokuwa wameshafika stendi wakajikuta wamerudi ofisini, mizigo mikononi. Melania akavua koti, akaenda kuongeza maji kwenye sufuria.