Komedya Iliyozikwa na Leonila

Leonila Panganiban aliizika komedya ya mji wao kwa heshima zote: kitabu kizima, jalada jeusi, na sura ya mwisho yenye majonzi mpaka wanafunzi wake huko Manila wakatoa leso. Kitabu kilisema ule mchezo wa wafalme wa buluu na masultani wekundu, uliochezwa Sinalawan kila sikukuu ya mtakatifu wa mji, umekufa na haurudi tena. Ushahidi wenyewe sasa! Mwaka ule kimbunga kilipong'oa jukwaa, alimpigia simu binamu yake Romulo, mlevi wa kutupwa, naye akamjibu, "Imekufa hiyo, dada." Msomi mzima akaishia hapo. Ukweli ni kwamba tangu baba yake afariki, Leonila hakutaka kukanyaga Sinalawan.

Na kitabu hicho ndicho kilichokuwa kimpe uprofesa kamili. Jumatatu angekaa mbele ya jopo. Ijumaa, shangazi yake Salud akapiga simu.

"Nila, Romulo kavunjika mguu. Mfalme Federiko utakuwa wewe."

"Mfalme wa wapi, shangazi?"

"Wa komedya! Jumapili hii. Nafasi ni ya ukoo wetu, nadhiri ya babu yako kwa mtakatifu. Au nimpe jirani?"

"Kwani... bado mnacheza?"

"Ulitaka tufanye nini, tulale?"

Leonila akasingizia mafua. Shangazi akamwambia asipokuja, atafuatwa huko huko chuoni na bendi nzima ya matarumbeta. Leonila alimjua shangazi yake, akafunga virago. Njiani alijipa moyo: nani wa Manila atafika Sinalawan? Atavaa ndevu, atacheza, atarudi kimyakimya.

Jumapili alasiri alichungulia nyuma ya pazia. Mstari wa mbele, sahani ya nguruwe wa kuchoma mapajani, alikuwa amekaa Dakta Evaristo Lacsamana, mwenyekiti wa jopo.

"Nimemwalika mimi," shangazi akasema, akinyoosha gauni lake. "Mtu akupandishe cheo bila kuonja nyama yetu? Mimi sina adabu?"

"Umenimaliza, shangazi! Nimeandika kwamba komedya imekufa. Romulo aliniambia."

"Ukamwamini Romulo?" Shangazi alimtazama kwa huruma ya kweli. "Vaa ndevu."

Sinalawan hakuna anayekariri. Salud hujikunyata kwenye shimo chini ya jukwaa, anasoma mstari, na mwigizaji anaurudia kwa kuimba, upanga juu. Mazoea hayo yamewaingia damuni. Siku hiyo shangazi alipaliwa, akasema, "Leteni maji jamani," na Kulas muuza nyama, ambaye ndiye Sultani, akainua upanga akaimba, "Leteni maji jamani!" Bendi ikapiga. Hakuna aliyeshangaa.

Leonila alipigana vita vyote kofia ya chuma ikiwa imemfunika macho. Sultani alipomchoma alifurahi kweli kweli, akaanguka kifudifudi. Nani atamtambua maiti? Lakini sanamu ya mtakatifu ikaletwa jukwaani, na hapo mfalme hufufuka.

"Inuka!" sauti ikatoka shimoni. Leonila akazidi kujibana sakafuni. "Inuka, wewe!"

"Nila, amka," Kulas akanong'ona, "hili joho linanipika."

Bendi ikarudia wimbo wa ufufuo, ikarudia tena. "Mfalme kalala!" vijana wakapiga kelele. Kisha kelele zikakatika, na vikongwe wakaanza kusali, maana mfalme asipofufuka nadhiri imevunjika. Leonila, pua kwenye mbao, akamkumbuka baba yake. Mwaka wake wa mwisho akiwa mfalme, aliinuka papa hapa, ana homa, miguu inamtetemeka, mji mzima unampigia makofi. Machozi yakamtoka. Liwalo na liwe, akajisemea, akainuka. Kofia na ndevu zikabaki sakafuni.

Makofi yalikuwa hayajaisha Dakta Lacsamana aliposimama, mfupa mkononi.

"Dakta Panganiban! Si ulituandikia kwamba hii imekufa?"

Leonila akatazama shimoni, kama afanyavyo kila mfalme aliyekwama.

"Nilikosea," shangazi akasoma, kwa sauti yake ile ile.

Upanga ukapanda wenyewe. "Nilikosea!" Leonila akaimba mpaka mwisho wa uwanja.

"Nilimwamini mlevi."

"Nilimwamini mlevi!"

Bendi ikapiga. Romulo, mguu kwenye plasta, akainamisha kichwa. Uprofesa ulishaota mbawa, na Leonila alilijua hilo upanga ukiwa bado juu. Ajabu ni kwamba alitamani kucheka. Mwenyekiti alikuwa bado amesimama, anasubiri maelezo ya kisomi.

"Kaa chini, mzee," shimo likaendelea, "unawaziba watu."

"Kaa chini, mzee!" mfalme akaimba. "Unawaziba watu!"

Dakta Lacsamana akakaa.